Macho ya Kuazima

Nilimwambia hayumo. Naanza hapo makusudi, ili asitokee mtu akadhani mbele ya safari nitageuka mwema. Mwanawe alikuwemo kwenye ile picha, nilimwona kama ninavyouona mkono wangu huu, na nilipoulizwa nikasema hayumo.

Nilikuwa mwanafunzi wa unesi Birmingham, mwishoni mwa miaka ya sitini, msichana wa Mombasa mwenye koti moja na domo refu. Chumba nilikipata Small Heath kwa sababu ya Kiswahili tu. Nilikuwa nimezunguka wiki nzima, kila mlango unafunguliwa kidogo, jicho linanitazama kuanzia viatu kwenda juu, halafu naambiwa chumba kimeshachukuliwa, na karatasi ya kukitangaza bado imebandikwa dirishani. Siku hiyo nimesimama kwenye duka la mboga Coventry Road, nimekasirika mpaka machozi yananilenga, nikasikia nyuma yangu mwanamke akisema, "Bamia gani hizi? Zimekomaa hata ng'ombe hali!" Kiswahili cha Mombasa hicho! Niligeuka nikamkumbatia kabla sijamwangalia usoni.

Alikuwa Mtamil, Mhindi wa kusini, mzaliwa wa Mombasa. Babake alikuwa karani wa reli, na baada ya mzee kufa mama na binti wakaja Uingereza pamoja na Wahindi wengine waliokuwa wakiondoka Kenya miaka ile. Alifanya kazi kiwandani mchana. "Mdogo wangu," akaniambia, "mimi nina chumba cha juu." Siku ile ile nikahamia na sanduku langu.

Asichonitajia ni mamake.

Bibi yule alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, meupe kama maji ya mchele. Alikuwa akiona mwangaza na vivuli, basi. Yuko kwenye orodha ya kungojea operesheni, na orodha za kule zilikuwa ndefu. Alishinda jikoni kwenye kiti chake, ananusa, anasikiliza, anaamuru. Kiswahili alikuwa nacho, lakini alijifunza kwa kuamuru watumishi, kwa hiyo hakujua kuuliza wala kuomba. "Lete ile maji. Toa ile kiatu. Pesi pesi! Veve iko vivu sana." Mimi mpangaji, nalipa kama mpangaji, na Jumamosi nikishuka tu ngazi napewa kitambaa nifute picha ukutani. Chini ya sinki kulikuwa na kikombe cha bati, peke yake, mbali na vikombe vingine. Hicho ndicho changu. Nikikaa mezani alikisikia kwa mlio. Siku moja nilijaribu kunywea kikombe cha udongo, akageuza kichwa, akasema, "Hapana hiyo." Macho haoni, lakini kikombe alikijua!

Binti aliniomba radhi kila siku. "Msamehe, mdogo wangu, ndivyo alivyozoea." Ati alivyozoea. Na mimi je, nani aliniuliza nimezoea nini?

Nikavumilia. Nje kulikuwa na baridi na zile karatasi za dirishani.

Basi binti akapata mchumba, Mtamil mwenzake, fundi wa mitambo. Harusi ikafanywa nyumbani kwa siku kumi za shughuli, wageni wanatoka huku na huku, ngazi zimejaa viatu. Mimi nilimpenda yule binti, sitasema uongo. Nilimpaka hina. Nilikata vitunguu mpaka nikawa nalia kwa jicho moja na kucheka kwa jingine. Usiku wa mwisho wanawake walipokaa sebuleni nikafunga leso kiunoni nikawachezea chakacha, nikapiga vigelegele mpaka jirani Mwingereza akagonga ukuta. Bibi kiti chake kiko pembeni, anapiga makofi. Ndiyo mara ya kwanza nilimwona akicheka.

Wageni walipokwisha kuondoka, asubuhi, nimeketi na chai yangu, yule Bibi akanyanyuka, akafunua pipa la mchele, akaingiza mkono mpaka kiwiko. Akatoa karatasi akaiweka karibu na kikombe changu cha bati. Ilikuwa telegramu. Punje za mchele zilikuwa zimeingia kwenye mikunjo.

Mama yangu alikuwa amekufa. Amezikwa siku tisa nyuma.

Siku tisa! Mimi napiga vigelegele na mamangu yumo kaburini. Mimi nazungusha kiuno, na kwetu watu wamekaa matanga, wamesoma hitima, wametandua majamvi wamekwenda zao, na kila mtu anajiuliza mbona binti wa marehemu kule Ulaya hata salamu za rambirambi hajaleta. Nilipiga kelele. Nilimuuliza kwa nini.

"Nyumba ya harusi hapana taka kilio," akasema. "Nuksi."

"Ni mama yangu!"

"Veve ngefanya nini? Ngekwenda na mguu?"

Hilo la mguu ndilo lililoniingia. Kwa sababu ni kweli, nisingeweza kwenda. Nauli ningeitoa wapi? Lakini ningelia siku yake, wallahi, ningelia siku ile ile. Binti hakuwa na habari, telegramu Bibi alisomewa mlangoni na aliyeileta; binti aliposikia alilia kuliko mimi, akanipigia magoti na hina bado mikononi. Mamake hakusema pole. Mpaka leo nikihesabu maneno yote aliyoniambia yule Bibi, pole haimo.

Sikuhama. Watu huniuliza kwa nini sikuhama. Nendeni nyinyi mkatafute chumba Birmingham ya wakati ule, mje mniambie. Nilikaa, nikafanya kazi zangu, nikanywa chai kwenye bati, nikawa kimya. Nilikuwa na neno moyoni na nililitunza.

Sasa niseme habari ya mwana.

Ile picha niliyokuwa nikiifuta kila Jumamosi ni ya kijana wa miaka kumi na tisa, ameshika baiskeli, nyusi ya kushoto imeinama kidogo kama ya mtu anayetaka kubisha. Alikuwa kifunguamimba wa Bibi, kaka wa yule binti. Alitoroka Mombasa akapanda meli kwenda Madras, Uhindini, kuwa mpiganaji wa kwenye picha za sinema. Si mwigizaji, la. Mpiganaji: wale wanaokuja kumi kwa pamoja wakapigwa na shujaa mmoja, wakaanguka. Babake akamtoa kwenye hesabu ya watoto. Mamake hakumtoa. Miaka kumi na kitu alikuwa akipokea barua, zamani akizisoma mwenyewe, macho yalipokufa akisomewa na binti, na kila barua inasema nimepigwa kwenye picha fulani, nimeangushwa kwenye picha fulani. Hakuna hata picha moja kati ya hizo iliyofika Mombasa kwa kuwa huko zilikuja za Kihindi, za Kitamil hazikuja. Bibi hajamwona mwanawe tangu ana miaka kumi na tisa.

Halafu moja ikaja Birmingham.

Wakati ule Watamil wa kule walikuwa wachache: madaktari wa Ceylon, wanafunzi, manesi wenzangu kutoka Malaysia. Walichanga wakakodi jumba la sinema Jumapili asubuhi, kabla Waingereza hawajaamka vizuri. Mikanda ilikuja kwa treni ndani ya makopo ya bati, inaonyeshwa mara moja, mchana inafungwa inakwenda mji mwingine. Na mwana alikuwa ameandika: katika picha hiyo nimo. Kuna ugomvi kwenye kinu cha kukoboa mpunga. Mimi ni wa tatu kuanguka, nimejifunga kitambaa chekundu kichwani.

Bibi hakulala wiki ile. Aliwaambia wote, mpaka muuza samaki. Binti akawa amepangiwa kazi Jumapili hiyo, hakupewa ruhusa. Mkwe hakuwahi kumwona shemeji yake hata siku moja, na isitoshe alikuwa kitandani na homa. Basi Bibi akageukia upande nilipo. Alitafuta neno. Nikamwona anavyolitafuta, na sikumsaidia.

"Veve jua sura yake," akasema. "Kila Jumamosi nafuta. Veve kaa na mimi. Mimi iko na sikio, veve iko na macho."

Hapa lazima niseme kitu kuhusu mama yangu. Kwetu Mombasa kulikuwa na onyesho la sinema la wanawake peke yao, Jumatano alasiri, na mama yangu alikuwa akihadithia. Kihindi alikiokota kwa majirani. Alikaa safu za nyuma na wanawake ambao hawakujua hata neno, anawapa picha yote kwa kunong'ona, na karibu yake alikaa bibi mmoja kipofu kabisa, ambaye hakukosa Jumatano hata moja. Mama alikuwa na sheria. "Picha haiongezwi wala haipunguzwi," akiniambia. "Mtu akikuazima macho yako, hiyo ni amana. Ukimdanganya umekula amana, na kipofu hana pa kukushtaki."

Nilimwambia Bibi kwamba nitakwenda naye, kazi hiyo naijua, mamangu alikuwa akiifanya Jumatano. Akakunja uso. "Wale ya nyuma? Wale ya buibui? Kelele kelele picha yote! Mimi naita mutu ya tochi, naambia nyamazisha ile."

Nilimvalisha koti.

Tulipanda basi, nikamshika mkono kwenye ngazi za jumba. Nitasema haki yake: nusu saa ya kwanza tulikuwa kama mashoga. Picha yenyewe ilikuwa nzuri, mnajua, siwezi kuinyima. Kijana karudi kijijini, kakuta tajiri mwenye kinu amewanyang'anya watu mpunga na mashamba, na mamake mjane anatwanga kwa watu. Mimi sijui Kitamil hata cha kuomba maji. Nilimpa Bibi vitendo, yeye akanipa maneno. "Anamwambia mamake nini?" nauliza. "Nasema, mimi tarudisha heshima yako," ananijibu, na sauti yake imelainika. Mimi namwambia: sasa tajiri anaingia, ana masharubu kama pembe za ng'ombe. Bibi anacheka! Ananipiga paja! "Sema tena ile sharubu!" Nilihadithia vizuri siku ile, kama mama. Mama angesikia angefurahi.

Ilikuwa picha isiyo na rangi, nyeusi na nyeupe. Hilo nililigundua mapema, na nikaliweka.

Kisha shujaa akafungwa kamba. Akapigwa mpaka akainamisha kichwa. Alipokata zile kamba kwa nguvu na kuinuka, jumba zima likasimama, miluzi, sarafu zinarushwa kwenye pazia, na kijana mmoja akakimbia mbele na kisahani, akawasha kitu chenye moto mweupe akakizungusha mbele ya uso wa shujaa. Mlinzi Mwingereza akaja mbio na ndoo ya mchanga, anatukana. Watu wakacheka. Moshi ukatufikia.

Kafuri.

Kwao kafuri ni ya kuabudia, ya kumtukuza mungu au shujaa. Kwetu sisi kafuri ni ya maiti. Maiti akishaoshwa hutiwa kafuri, ndipo avishwe sanda. Nilipoivuta ile harufu, mama yangu alinijia pale pale kwenye kiti. Nilijua nani alimwosha. Niliwajua wale shangazi, najua ndoo gani. Nilijua kwamba mahali pangu, upande wa miguu, alisimama mtu mwingine, na wakati huo huo mimi nilikuwa namenya vitunguu vya harusi. Na aliyeifukia habari ile ndani ya mchele ameketi hapa, amenishika kifundo cha mkono, anatabasamu gizani.

"Sasa kinu?" akauliza. Alikuwa amelisikia neno kwenye maneno yao.

"Ndiyo, Bibi. Kinu."

Wakaja na fimbo ndefu. Shujaa naye akaokota yake, akaizungusha haionekani. Wa kwanza akaanguka. Nikamwambia, huyu mnene, si yeye. Wa pili akatupwa kwenye magunia. Si yeye, huyu mzee. Vidole vyake vilinibana mpaka mfupani.

Wa tatu akaruka kutoka juu ya ngazi ya kinu.

Sikuhitaji kitambaa. Nyusi ilikuwa ile ile. Taya ni la Bibi mtupu, kama amemkata amempandikiza. Alipigwa akaanguka, na wengine wote wakianguka walilala, lakini yeye aliinuka. Akapigwa tena, akainuka tena, damu mdomoni. Mara ya tatu kabla hajatupwa chini alifanya kosa la kitoto, kosa ambalo mpiganaji mwenye miaka kumi kazini hatakiwi kulifanya: aligeuza uso akaitazama kamera. Alitutazama. Pumzi mbili nzima. Halafu akaruka akaanguka kutoka ghorofani, vumbi likapanda.

"Yuko?" Bibi akasema. "Sasa? Yuko?"

"Bado, Bibi."

Wa nne akaanguka. Wa tano. "Yuko?"

"Bado."

Mpaka kinu kikawaka moto na shujaa akatoka na mamake mabegani, na watu wanalia na kushangilia, na yeye amenigeukia mimi na macho yake meupe. "Yuko wapi mutoto yangu?"

"Hayumo, Bibi," nikasema. "Nimetazama wote. Hayumo."

Aliniachia mkono. Niseme nilivyojisikia? Vizuri. Nilijisikia vizuri, kama mtu aliyevua kiatu kinachobana. Mkuki kwa nguruwe, nilisema moyoni, leo umeonja. Kwenye basi leso yake mpya ya shingoni imekaa upande, na mimi sikuinyoosha.

Jioni alimwita binti achukue karatasi. Alimwamuru kwa Kitamil, sauti kavu, na binti anaandika huku anatikisa kichwa, anamwita mama kwa lugha yao, "Amma, Amma." Baadaye alinieleza ilivyosema. Umenifanya mama wa mwongo mbele ya watu. Usiniandikie mpaka uwe na neno la kweli. Ile picha ya baiskeli ikageuzwa, uso ukutani. Asubuhi barua nikapewa mimi niitie posta, kwa kuwa nilikuwa napita nikienda kazini. Nilikuwa na safari nzima ya kwenda Bordesley Green ya kuitafakari. Nikaisukuma kwenye sanduku jekundu, nikasubiri mpaka nikasikia imeanguka ndani.

Jibu lilikuja baada ya wiki nyingi. Binti alilisoma jikoni, kwa Kitamil kwanza, kisha akanigeukia akalisema kwa Kiswahili, kwa kuwa lilinihusu.

"Anasema: Mama, nilikuwemo. Wa tatu. Nilikutazama. Mwongozaji alinitukana matusi ya nguoni kwa kuitazama kamera, lakini nilijua picha hii itakwenda Ulaya, nikasema nimtazame Mama angalau mara moja. Muulize aliyekuwa amekaa nawe."

Kumbe kosa lile halikuwa kosa. Alimtazama mamake baada ya miaka kumi na kitu, bahari nzima katikati, na macho yaliyompokea ni yangu.

Na mimi nikasema nini? Nilikuwa na jibu tayari, nimeshaliweka tangu zamani. "Dada, mimi niliambiwa nitafute kitambaa chekundu. Picha yote haina rangi. Wekundu ningeuona wapi?"

Binti akashusha pumzi. "Ni kweli, Amma. Haina rangi. Maskini, hakumjua." Aliniamini kwa sababu alitaka kuniamini.

Bibi hakugeukia binti. "Veve nafuta sura yake kila Jumamosi," akaniambia. Kisha, polepole, na hiyo ndiyo mara pekee nilimsikia akiuliza kama mtu anayeomba: "Sema tu moja. Nene, ama konda?"

"Sikumwona, Bibi."

Akatikisa kichwa muda mrefu. Akasema basi, hataandika. Macho yakitengenezwa ataitafuta ile picha aione mwenyewe, ndipo ataandika. Alikuwa na neno la mwanawe na neno langu, na hakujua lipi ni la kweli, na hakuwa mtu wa kuomba msamaha kwa kubahatisha. Binti alimwandikia kaka yake kwa siri, lakini kaka alitaka neno la mamake. Aliuliza katika kila barua, Mama amesemaje? Mama hakusema.

Mimi nikahamia bweni la manesi. Orodha ikasogea mwaka, ikasogea na nusu. Bibi akafanyiwa operesheni katika hospitali niliyokuwa nikifanya kazi, na siku zile baada ya kukatwa jicho ulilazwa chali, mifuko ya mchanga huku na huku ya kichwa, usikohoe, usilie. Alikuwa bado amefungwa bendeji telegramu ilipofika kutoka Madras. Binti akanikimbilia mlangoni mwa wodi. Kaka yake alikuwa kazini, ameanguka kutoka juu, na safari hii hakuinuka.

"Asiambiwe," akanisihi, ananishika aproni. "Akilia jicho litapasuka. Nisaidie, mdogo wangu. Mpaka atoke."

Basi nilimlisha uji kwa kijiko, siku baada ya siku, na mwanawe amekwisha kuchomwa, kama wafanyavyo kwa maiti wao. Namfuta mdomo. Ananiuliza kuna barua, namwambia hakuna. Nilizihesabu zile siku na nilipofika tisa niliacha kuhesabu. Sikufurahi. Ile hasira niliyoitunza miaka yote niliitafuta ili inisaidie, sikuiona.

Aliambiwa nyumbani, jikoni, amevaa miwani minene inayokuza macho. Binti aliniomba niwepo kwa kuwa ni nesi. Hakupiga kelele. Alikwenda ukutani, akaigeuza picha ya baiskeli, akaisogeza karibu na miwani mpaka ikagusa. Kisha akaniangalia mimi. Hakuwa amewahi kuniona.

"Kumbe veve ndogo hivi," akasema. "Mutoto mudogo."

Akaishusha picha.

"Sasa mimi iko na macho. Taona uso yako vile nasema. Nene, ama konda?"

Nilikuwa na neno hapo mdomoni. Nililisikia uzito wake. Lakini kulitoa ni kusema kwamba ile barua ya hasira ilikuwa kazi yangu, kwamba mwanawe amekufa akingoja jibu ambalo mimi ndiye niliyelizuia, na binti amesimama pale, ameniita mdogo wake tangu siku ya bamia. Mara ya kwanza nilisema uongo kwa hasira, na hasira angalau ina joto. Mara hii ilikuwa woga mtupu.

"Sikumwona, Bibi."

Alinisoma uso kwa miwani yake mipya, taratibu, kama mtu anayepekua mchele. Alipomaliza alisimama. Akainama chini ya sinki, akatoa kile kikombe cha bati, ambacho sikukitia mkononi tangu nihame, akakipangusa, akamimina chai, akaiweka mbele yangu kwa mikono yake mwenyewe. Hakuamuru mtu. Na mimi nikanywa yote, imenichoma ulimi, nikaondoka, na sikurudi tena nyumba ile.

Ile picha haikuja tena Birmingham. Niliulizia. Manesi wa Malaysia walinijua, kila mara nauliza, mpaka wakawa wananicheka ati huyu Mwafrika na picha zake za Kitamil. Bibi alikufa na macho yake mazima, hajamwona.

Siku hizi mama yangu amenitoka. Najua alikuwa na mwanya, najua alifunga leso vipi, lakini uso wenyewe nikiuita hauji. Huja ule mwingine. Huja bila kuitwa, nikiwa kwenye foleni, nikiwa naosha vyombo; unageuka polepole kutoka kwenye ngazi ya kinu, na damu mdomoni, unanitazama pumzi mbili nzima.

Konda, Bibi. Alikuwa amekonda sana.